Karatasi ya babu: kazi ya parajuristi ilitoka wapi?



Tulipopitisha hewani ile habari fupi juu ya wakimbizi wa vita wanaojifunza kazi ya parajuristi katika ukumbi wa parokia moja hapa Bunia, simu za redio hazikunyamaza. Papa mmoja aliuliza kama ni kazi mpya iliyoletwa na wazungu. Mama mmoja wa kambini aliuliza kama watu hao wanaweza kumrudishia shamba lake kule Djugu. Kijana mmoja alitaka tu kujua mshahara ni ngapi.

Dakika tatu za habari hazikutosha kuwajibu. Siku zote tano za mafunzo nilikaa nyuma ya ukumbi na daftari yangu, na nimeona kwamba jibu linaanzia mbali. Kazi hii ina historia. Ni historia ya watu wetu na karatasi wasizoweza kusoma.

Nianze nyumbani kwetu. Babu yangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake karatasi moja yenye muhuri. Alikuwa akituambia sisi wajukuu: "Shamba letu liko ndani ya sanduku hili." Hakujua Kifaransa. Papa alikijua kidogo, lakini hakuthubutu kumwomba mzee karatasi yake aikague. Siku alipotokea mtu mwenye hati ya konsesio akisema mipaka yake inafika hadi mtoni, babu alivaa koti lake, akachukua ile karatasi, akaenda nayo ofisini. Karani aliisoma akacheka. Ilikuwa risiti ya kodi ya kichwa, ya wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nakumbuka namna babu alivyoikunja tena polepole, akairudisha mfukoni kana kwamba bado ina kazi.

Nyumba nyingi za huku kwetu zina hadithi ya namna hiyo. Tuone ilianza wapi.

Sheria iliyokuja bila kusomwa

Mkutano wa Berlin ulimalizika Februari 1885. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, utawala wa mfalme Leopold wa Pili ulitoa amri juu ya ardhi: ardhi zote zinazoitwa "wazi" zilihesabiwa kuwa mali ya Serikali. Nani aliamua kwamba ardhi ni wazi? Ni yule aliyeandika amri. Pori la kuwinda, shamba lililopumzishwa miaka mitatu, makaburi ya wazee, vyote viliweza kuitwa wazi kwa sababu hapakuwa na nyumba juu yake. Amri iliandikwa kwa Kifaransa, na wenye ardhi hawakusomewa.

Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, iliendelea na sheria za namna mbili. Kwa wazungu kulikuwa na sheria iliyoandikwa na mahakimu waliosoma. Kwa weusi, amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga tribinali za wenyeji, ambako shefu na wazee walihukumu kwa desturi, chini ya jicho la mtawala mzungu. Tusidharau tribinali hizo. Wazee walizungumza lugha ya watu, na kesi nyingi za mahari, za mbuzi na za mipaka zilimalizika vizuri huko. Lakini zilitufundisha kwamba sheria ya kitabu si yetu. Mweusi aliyetaka kitu kwa mkubwa alimtafuta mtu wa kumwandikia barua: karani, katekista au mwalimu. Mtu huyo aliyejua kuandika ndiye mzee wa kwanza wa kazi ya parajuristi kwetu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Wengine walisaidia kwa moyo, wengine kwa kuku mmoja kila barua.

Tarehe 30 Juni 1960 tukapata uhuru. Nchi kubwa namna hii haikuwa na hakimu hata mmoja Mkongomani aliyesomea sheria chuo kikuu. Mahakimu Wabelgiji walipoondoka, tribinali zilibaki na viti. Ndipo ikafunguliwa haraka shule ya taifa ya sheria na utawala kule Léopoldville. Marcel Lihau, aliyesoma sheria Louvain nchini Ubelgiji, akawa rais wa kwanza wa Korti Kuu mwaka 1968.

Mwaka huohuo wa 1968 Serikali ilitangaza tribinali za amani, ambazo zingekaribia watu na kuchukua polepole nafasi ya zile za desturi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini teritware nyingi zilingoja miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Mwaka 1979 sheria ikapanga kazi ya maavoka, na chini yao ikaweka watetezi wa sheria wa kusaidia watu kwenye tribinali za chini. Hao nao wengi walibaki mijini, penye wateja wa kulipa. Mtu wa kijijini alibaki na shefu wake, na mwandika barua wake.

Miaka miwili

Halafu ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inaandikwa kwenye hati. Na sisi tuliozaliwa juu ya ardhi ya mababu bila hati? Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki za wanavijiji. Mobutu aliondoka mwaka 1997 bila kuitoa, na waliomfuata nao waliendelea kungojewa.

Ndani ya sheria hiyo kuna mambo mawili ambayo Metre, yule avoka aliyefundisha, aliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa. La kwanza: kabla ya kutoa konsesio kijijini, lazima ufanyike uchunguzi wa kujua kama ardhi ni wazi kweli, na wakaaji wasikilizwe. La pili: hati ikishatolewa, na miaka miwili ikapita bila mtu kuipinga, inakuwa ngumu sana kuivunja.

Tazama sasa jinsi mambo hayo mawili yalivyofanya kazi. Mwenye kujua sheria alienda mjini, akapata hati, mara nyingine bila uchunguzi wa kweli, au kwa kupanua mipaka ya konsesio ya zamani. Kisha alinyamaza. Watu waliendelea kulima bila kujua kwamba siku zinahesabiwa. Miaka ilipopita, alikuja na karatasi na askari kuwafukuza. Wao walikuwa na mihogo, makaburi na ushahidi wa jirani, lakini hawakuwa na karatasi.

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999 kwa mabishano ya konsesio katika kolektivite ya Walendu Pitsi, teritware ya Djugu. Sitataja kabila hapa. Kila msikilizaji wangu anajua alikozikwa wake. Wala sisemi kwamba karatasi peke yake ilileta vita. Kulikuwa na majeshi ya kigeni, kulikuwa na dhahabu, kulikuwa na wanasiasa waliogawa bunduki. Ninachosema ni hiki: ugomvi ambao ungepaswa kuishia tribinalini, kwa uchunguzi na kwa barua ya kupinga ndani ya wakati, uliwakuta watu wasiojua kwamba barua hiyo ipo. Wakabaki na panga.

Wengine walifanya nini

Sasa nimjibu Papa aliyesema hii ni kazi ya wazungu. Hapana, Papa. Ni Waafrika wengi walioijenga, katika taabu zao wenyewe.

Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi, mweusi alikamatwa kwa kutembea bila kitambulisho chake, na kesi yake ilimalizika kwa dakika chache tu. Wanawake wa chama cha Black Sash, kilichoanzishwa mwaka 1955, walifungua ofisi za ushauri, ambako mtu alielezwa karatasi yake inasema nini na anaweza kujibu nini. Chama kilianzishwa na wanawake wazungu, ni kweli, lakini kazi ilienea mikononi mwa weusi wenyewe, katika vitongoji na vijijini, hadi sheria za vitambulisho zilipofutwa mwaka 1986. Malawi, tangu mwaka 2000, maparajuristi waliingia gerezani kuwafundisha wafungwa namna ya kusimama mbele ya hakimu, kwa sababu wengi walikuwa wamefungwa bila kuhukumiwa na faili zao zimepotea. Mwaka 2004, katika mji wa Lilongwe, wajumbe kutoka nchi za Afrika walikubali kwa maandishi kwamba avoka peke yake hatoshi, na kwamba watu hao watambuliwe. Umoja wa Mataifa ulifuata mwaka 2012. Majirani zetu Kenya mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017 waliweka parajuristi ndani ya sheria zao za msaada wa kisheria.

Kwetu, mlango ulifunguka Mobutu alipotangaza vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990. Mashirika ya kutetea haki yalizaliwa kila mji. Kule Bukavu, mwaka 1991, makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Héritiers de la Justice, lililofundisha watu wa kawaida haki zao ili nao wakafundishe jirani zao. Kazi hiyo ilikuwa na bei. Katibu mtendaji wake, Pascal Kabungulu, aliuawa nyumbani kwake Julai 2005. Nawakumbusha jina lake ili mjue kwamba kueleza sheria kwa lugha ya watu kuliwakasirisha watu wenye nguvu.

Katiba tuliyoipigia kura ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 142 kinaagiza Serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku sitini. Wasikilizaji, ninyi ni mashahidi wa jinsi agizo hilo linavyotimizwa. Nafasi iliyobaki wazi hapo ndiyo kiti cha parajuristi.

Siku tano ukumbini

Nilidhani nitasikia vifungu kutoka asubuhi hadi jioni. Vifungu vilikuwepo, lakini vichache, vile vinavyomgusa mtu wa kambini. Mtu aliyekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na polisi hawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mkubwa wa sheria. Mtoto aliyezaliwa aandikishwe ndani ya siku 90; zikipita, inabidi kutafuta hukumu ya tribinali, na hiyo ni safari na pesa. Tangu sheria ya familia iliporekebishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana wake ili aende tribinalini. Mjane hafukuzwi nyumbani na ndugu za marehemu, na watoto ndio warithi wa kwanza.

Lakini muda mwingi ulikwenda kwenye mambo ambayo parajuristi hafanyi. Hahukumu. Hasimami tribinalini kama avoka. Haombi pesa, wala kuku. Hapiti kambini kutaja siri za watu. Na hamfundishi shahidi la kusema. Hapo Metre alitukumbusha kesi ya Thomas Lubanga, iliyoamuliwa La Haye tarehe 14 Machi 2012, kesi ya kwanza kuhukumiwa na korti ile ya kimataifa, na ilikuwa kesi ya Ituri yetu. Alipatikana na hatia ya kuwatia jeshini watoto chini ya miaka 15. Lakini katika hukumu hiyohiyo mahakimu waliandika kwamba baadhi ya watu wa kati, wenyeji waliosaidia kutafuta mashahidi, huenda waliwashawishi kusema uongo, na kwa hiyo hawakuweza kutegemea maneno ya vijana kadhaa walioletwa kama watoto askari wa zamani. "Mliona?" akasema Metre. "Mtu anataka kusaidia ukweli, anauongezea chumvi, na ukweli wenyewe unatupwa." Ukumbi mzima ulinyamaza. Wengi mle wana watoto waliochukuliwa wakati ule.

Siku ya tatu kulitokea ubishi ambao sitausahau. Metre alitoa mfano: saa mbili ya usiku mama anakuja kwako analia, binti yake wa miaka kumi na minne amebakwa na jirani. Jamaa ya yule kijana wameleta mbuzi wawili na pesa kidogo, na mwenyekiti wa kambi amekubali. Wewe utafanya nini?

Mzee mmoja, mtu wa heshima aliyekuwa akipatanisha watu kijijini tangu zamani, alisimama. "Tutapokea mbuzi," alisema. "Kambi ni ndogo. Tukimpeleka kijana kwa polisi, jamaa zake watalipiza, na tutakimbilia wapi tena?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema jambo ambalo wengi mle waliliwaza. Metre alimjibu kwa upole kwamba kwanza ni hospitali, kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa za kuzuia ukimwi. Na kwamba tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006, malipo hayafuti kesi ya ubakaji, hata pande zote zikikubaliana. Mzee akauliza tena: "Na kambi ikigawanyika?" Metre alikaa kidogo bila jibu. Mama mmoja wa mstari wa nyuma ndiye aliyejibu: "Papa, imekwisha kugawanyika. Upande mmoja tuko sisi wote na mbuzi wetu, upande wa pili yuko mtoto peke yake."

Mzee aliketi. Jioni nilimkuta nje, nikamuuliza kama amekubali. Aliniambia: "Mwanangu, nimehukumu kesi za namna hiyo saba. Nazihesabu." Siku iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mafunzo haya hayaji kufuta hekima ya wazee. Ugomvi wa mbuzi aliyekula mihogo, deni la jirani, matusi kisimani, hayo mzee atayapatanisha vizuri kuliko hakimu yeyote. Anachojifunza ni kutambua mahali ambapo upatanisho wake unakuwa mzigo kwa aliyeumizwa, amshike mkono na kumpeleka mbele.

Jibu kwa mama wa shamba

Na wewe mama uliyeuliza juu ya shamba lako. Nitakuambia walivyoniambia, bila kukudanganya. Parajuristi hana uwezo wa kukurudisha wakati bunduki bado ziko njiani. Anayekuahidi hivyo, hasa akiomba pesa, mkimbie.

Lakini kuna kazi unayoweza kuianza leo, ukiwa kambini. Mtafute parajuristi akuandikie shamba lako: liko kijiji gani, chini ya shefu gani, mto uko upande gani, mti gani ni mpaka, jirani wa kila upande ni nani, nani alikupa na lini. Majirani hao wengi wako kambi hiyohiyo au ya pili. Watie sahihi au kidole sasa, wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa hai. Tunza nakala mbili, kila moja mahali pake. Ukisikia mtu anapima au anauza, usingoje amani: barua ya kupinga iende kwa shefu na kwenye ofisi ya ardhi, na wewe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Miaka miwili haingojei vita viishe. Na usitie kidole kwenye karatasi ambayo hakuna aliyekusomea kwa lugha yako, hata kama aliyeileta ni shemeji.

Kijana uliyeuliza mshahara: hakuna. Wakati mwingine kuna tiketi ya pikipiki. Ndiyo sababu wengine wataacha njiani, na hilo nalo lazima lisemwe kwa wale wanaopanga mafunzo kisha wanaondoka na mabango yao. Mtu anayekaa usiku na mama anayelia naye ana watoto wa kulisha.

Siku ya mwisho washiriki walileta karatasi zao kutoka kambini, wakasomeana wawili wawili. Kulikuwa na kadi za kura, vyeti vya ubatizo, risiti za soko, na hati moja ya kweli ya shamba, ambayo mwenyewe alidhani ni kadi ya chanjo na alikuwa karibu kuwashia moto. Nilikaa nikimtazama yule aliyemsomea, msichana aliyeishia darasa la nne la sekondari, akifuata mstari kwa kidole na kuugeuza Kiswahili neno kwa neno. Ilimchukua kama dakika kumi.

Babu yangu angehitaji dakika kumi hizo tu, miaka mingi kabla ya kuvaa lile koti.

Tunarudi kwenye habari hii Jumamosi jioni. Kama una karatasi usiyoielewa, usiitupe na usiifiche. Itafutie mtu wa kuisoma.

Mwandishi wenu, Bunia.